Sista Anajibu: Ukianguka Njiani Usikimbilie Kuinuka

Masika haya barua zenu nyingi zimekuja na jambo moja, kuanguka. Sio ajali za magari, hapana, nazungumzia mtu anatembea zake kwa miguu anateleza kwenye vigae vya baraza la duka, au anazama mtaroni, au mguu unaingia kwenye chemba isiyo na mfuniko. Mimi ni nesi wa chumba cha dharura na hili jambo linaniuma kwasababu watu wanalichukulia dogo sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, kwenye vifo vya majeraha yasiyo ya kukusudia inashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani, na zaidi ya asilimia 80 ya hao wanaokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Sasa sisi mtu akianguka mbele za watu kinachomshika kwanza ni aibu, anainuka harakaharaka, anajikung'uta, anasema hamna kitu jamani niko poa, anaenda nyumbani ananyamaza, siku ya tano ndo analetwa kwetu mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Barua nilizochagua mwezi huu ukizisoma vizuri utaiona hiyo aibu imo ndani karibu zote.

SWALI: Sista shikamoo. Mimi ni mama ntilie wa huku Tandika. Ile mvua kubwa ya juzi nilikuwa narudi usiku nimebeba masufuria, maji yamejaa barabara na mtaro havijulikani kipi ni kipi, nikakanyaga hewa nikaingia mtaroni. Nilitanguliza mkono wa kulia. Watu walicheka nikatoka mwenyewe nikaenda nyumbani. Asubuhi mkono umevimba pale karibu na kiganja na umekaa vibaya kama umepinda. Wifi yangu akaleta mzee wa kuchua, akauchua na mafuta ya nazi, tukaukanda maji ya moto, akafunga na vijiti na kamba kaza kabisa. Sasa vidole vinakufa ganzi na vimekuwa vya baridi. Na ugoko umechubuka unatoa maji. Naogopa kwenda hospitali nasikia watakata mkono, na nikikaa ndani watoto watakula nini.
Mama wa Tandika

JIBU: Marahaba mama. Wewe nilishakupigia simu siku ileile barua ilipofika maana ganzi ya vidole haiwezi kusubiri gazeti lichapwe, lakini naandika hapa kwasababu najua mko wengi.

Kwanza kabisa fungua hizo kamba. Mtu yeyote aliyefungwa mkono au mguu akaona vidole vimekuwa baridi, vinakufa ganzi, vimebadilika rangi vimekuwa vyeupe au vyeusi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua hasa akinyooshewa vidole, afungue saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, afu aende hospitali. Mkono uliovunjika unavimba kwa ndani, na kamba haitanuki, kwahiyo damu inakosa njia, nyama zinaanza kufa, na ndani ya masaa tu mkono unaweza ukawa haufai tena. Hao wanaokatwa mikono mnaowasikia wengi wao walifika kwetu na vijiti, mkono ulishakufa huko nyumbani. Hospitali inakuja kulaumiwa mwisho.

Sasa kuhusu mfupa wenyewe. Mtu akianguka kifudifudi mikono inatangulia, ni maumbile, uzito wote wa mwili unatua kwenye kiganja, na kinachovunjika mara nyingi ni ule mfupa mkubwa wa upande wa dole gumba, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kwa kina mama ambao hedhi imeshakoma ndo balaa zaidi maana mifupa inakuwa imepungua nguvu, kuanguka kidogo tu kwa kimo chako mwenyewe kunatosha kuvunja. Na mfupa uliovunjika una ncha kali, ukiuchua hizo ncha zinatembea zinakata nyama na mishipa, na maji ya moto siku ya kwanza na ya pili yanaongeza uvimbe. Ndo maana nawaomba sana, kitu kikivimba baada ya kuanguka msichue na msikande kwanza mpaka kipigwe picha.

Cha kufanya ni hiki. Vua pete, bangili na saa mapema kabla uvimbe haujafika huko, hili watu wanalisahau sana na baadae tunakuja kuikata pete ya ndoa kwa msumeno mtu analia. Chukua gazeti au kipande cha boksi, kikunje, uweke mkono juu yake kama ulivyo bila kuunyoosha, funga na kitambaa kwa wastani tu, afu kanga ikunje pembetatu uning'inize mkono shingoni. Barafu iliyozungushiwa kitambaa weka dakika 15 mpaka 20 uondoe, baadae rudia. Hospitali watapiga eksirei, mfupa ukiwa umehama wataurudisha na ganzi, watafunga hogo, piopii hiyo, kwa mtu mzima kawaida ni kama wiki 6. Na ukiwa na hogo vidole, kiwiko na bega vichezeshe kila siku, mtu anayekaa na mkono umeganda wiki zote hizo akija kufunguliwa bega nalo limekaza. Kukatakata vitunguu utamwachia mtu lakini kupokea hela na kupakua kwa mkono wa kushoto utaweza mama, kazi haitalala yote.

Huo ugoko usiudharau. Maji ya mtaro yana kila uchafu. Osha na maji safi yanayotiririka na sabuni, mengi kabisa, usitie majivu wala dawa ya meno wala mafuta ya taa, na hospitali waambie kidonda kimeingia maji ya mtaro ili waangalie kama unahitaji chanjo ya pepopunda, kwa kidonda kichafu kama ilishapita miaka 5 tangu uchanjwe mara ya mwisho wanakuchoma tena. Afu kuna kitu kingine, panya wanakojoa humo. Mnakumbuka mwaka 2022 kule Lindi ulitokea ugonjwa watu wakaogopa sana, ikaja kujulikana ni homa ya mgunda, ule unatokana na bakteria walioko kwenye mkojo wa wanyama hasa panya na unapita kwenye michubuko. Kwahiyo ukiingia mtaroni na kidonda, afu ndani ya wiki mbili tatu ukapata homa, kichwa, misuli ya miguu inauma na macho mekundu, usinywe tu dawa ya malaria ukalala, mwambie daktari kwamba niliingia kwenye maji ya mtaro.

SWALI: Sista mambo vipi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar. Wiki iliyopita pale Kariakoo bibi mmoja alikuwa anashuka daladala, konda akasema twende gari likasogea, bibi akadondoka ubavu. Tukamuinua watu wanne tukamshika kwapani ili asimame, akapiga kelele sana mguu hauwezi. Tukamuweka kwenye bajaji akapelekwa kwao. Nikaja kusikia kwamba amevunjika nyonga na ndugu wamesema mtu mzima hapasuliwi atajiunga mwenyewe nyumbani. Je tulikosea kumuinua? Na kweli atajiunga?
Kijana wa chuo

JIBU: Poa mdogo wangu. Moyo wenu ulikuwa mzuri, na wewe kuandika kuulizia bibi usiyemjua kumenifurahisha. Ila ndio, kumvuta mtu kwapani asimame ndo kosa tunalolifanya karibu wote, tunaona kukaa chini ni fedheha kwahiyo tunataka tumuondolee fedheha haraka. Mwache alale kwanza. Chuchumaa karibu na uso wake, mwambie bibi usiinuke kwanza, muulize wapi panauma, amegonga kichwa, anaweza kuchezesha vidole vya miguu. Wengine zuieni magari na pikipiki, mmoja amkinge jua au mvua kwa kanga. Kama hana maumivu ya shingo, mgongo wala nyonga na akili iko sawa, mwache ageuke mwenyewe upande, apige magoti, ashike kitu asimame kwa nguvu zake, wewe unamsaidia tu kidogo. Akishindwa hatua yoyote hapo basi haamki, anabebwa amelala.

Nyonga iliyovunjika mara nyingi unaiona kwa macho. Mguu mmoja unakuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umelalia nje. Mtu wa hivyo usimnyooshe mguu, usimkalishe kwenye bajaji, tafuteni ubao au hata mlango, blanketi lililokunjwa katikati ya miguu, apelekwe hospitali yenye eksirei. Na asipewe chakula njiani maana anaweza kuhitaji kwenda chumba cha upasuaji.

Kuhusu ndugu, hapa naomba niseme kwa nguvu. Kwa mzee nyonga iliyovunjika ndo inahitaji upasuaji kuliko hata ya kijana. Kijana anaweza kulala kitandani miezi na akanyanyuka. Mzee akilala chali wiki kadhaa anapata vidonda vya mgongoni, mapafu yanajaa nimonia, damu inaganda kwenye miguu, anaacha kula, na wengi wanaondoka kwa hayo, sio kwa mfupa. Upasuaji unafanywa ili aketi na asimame mapema, na duniani kote wanalenga ufanyike ndani ya siku moja au mbili tangu avunjike. Huyo bibi hata kama siku zimepita bado hajachelewa kuonwa. Hapa Dar kuna MOI pale Muhimbili, ndo taasisi ya mifupa ya taifa, na hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina madaktari wa mifupa. Kama unapajua kwao nenda kawaambie, chukua na hili gazeti.

SWALI: Shikamoo sista. Naandika kutoka Mwanza, tunakaa mlimani juu, zile nyumba za kwenye mawe, njia ni ngazi za mawe na kokoto. Baba yangu ana miaka 74, anatumia dawa za presha na saa ingine dawa ya usingizi. Mwaka huu ameshaanguka mara kadhaa akienda msikitini alfajiri, hasemi, tunaambiwa na majirani. Mara ya mwisho aligonga kisogo akavimba lakini akasema hajambo. Kaka zangu wanataka tumkataze kutoka asalie nyumbani. Mimi naona atakufa kwa huzuni. Nifanyeje?
Binti wa mzee, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Niko upande wako. Kumfungia mzee ndani kunaongeza kuanguka, ndani ya wiki chache tu misuli ya mapaja inapungua, anakuwa mwoga, anatembea kwa kuburuza miguu, na siku akitoka hata ukumbini anadondoka. Msikiti ni mazoezi yake, ni marafiki zake, ndo uhai wake, mnachotakiwa ni kuifanya ile safari iwe salama.

Ila kwanza kichwa. Mzee akigonga kichwa damu inaweza kuvuja taratibu sana ndani ya fuvu, leo hajambo, wiki ya pili au ya tatu anaanza kulalamika kichwa, anasahau sahau, analala sana, anakokota mguu mmoja, nyie mnasema ni uzee. Ukiona mabadiliko yoyote ya namna hiyo mpeleke akapigwe picha ya sitiskani. Na kama anatumia dawa za kufanya damu isigande msisubiri dalili, akigonga tu aende. Kwa mtu yeyote, mzee au mtoto, akigonga kichwa afu akapoteza fahamu hata kidogo, akatapika tapika, akapata degedege, akaongea vitu visivyoeleweka, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu zikatoka puani au masikioni, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Afu kaa naye umuulize kwa adabu, baba uliteleza au ulizunguka kichwa? Ni maswali mawili tofauti. Akisema nilijikwaa tunaangalia njia, viatu na macho. Akisema giza lilinijia nilipoinuka tu kitandani, basi tunaangalia dawa. Dawa za presha zinaweza kuishusha presha sana mtu akisimama ghafla, na ndo maana muombe daktari ampime akiwa amelala afu ampime tena akisimama dakika 1 na dakika 3, ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi kuna tatizo. Kama akisema moyo ulienda mbio au sikumbuki nilianguka vipi, hapo apimwe na moyo. Msikatishe dawa wenyewe jamani, presha isiyotibiwa italeta kiharusi, daktari ndo atapunguza au atabadilisha saa ya kunywa. Hiyo ya usingizi mimi naitilia shaka sana kuliko zote, mtu ameinywa saa tano usiku saa kumi na nusu alfajiri anashuka ngazi za mawe, bado imo mwilini. Waulizeni wazi kama anaihitaji.

Macho pia apimwe, mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na mzee asiyeona kina cha ngazi hata umpe fimbo ya dhahabu ataanguka.

Alfajiri akiamka akae kwanza ukingo wa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ndo asimame. Kandambili zilizoisha soli zitupeni, mnunulie viatu vyenye kamba ya nyuma na soli yenye meno, makobazi ya mkanda yanafaa. Tochi ya kuvaa kichwani kama za wavuvi wa dagaa hapo ziwani ni nzuri kuliko ya mkononi maana inamwachia mikono. Fimbo iwe ya kimo chake, akisimama mikono imening'inia kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, chini iwe na mpira, na kama ana mguu mbovu aishike fimbo kwa mkono wa upande wa mguu ulio mzima, wengi wanashika kinyume. Hapo kwenye ngazi kaka zako hao wenye wasiwasi wanunue mifuko miwili ya saruji na bomba la kushikilia, wapake na chokaa nyeupe kingo za ngazi zionekane gizani, itawasaidia mtaa mzima.

Mwisho mfundishe kuinuka kwenye kiti bila kushika na kukaa tena polepole, mara kumi asubuhi mara kumi jioni, na kusimama mguu mmoja huku ameshika meza. Mwanzoni atachoka, baada ya miezi miwili mitatu mtaiona tofauti kwenye hatua zake.

SWALI: Asalaam aleikum sista. Mie nipo Unguja, mimba yangu miezi saba. Jana nilikuwa napita vichochoro vya Mji Mkongwe mvua imenyesha mawe yanateleza, nikaanguka nikakaa kitako. Sikuumia wala sijatoka damu. Mume wangu hajui. Nina haja ya kwenda hospitali?
Mja mzito

JIBU: Waaleikum salaam. Ndio, nenda leo, na mwambie mumeo akupeleke, hujafanya kosa lolote la kuficha. Mimba ikiwa kubwa uzito wako unahamia mbele na viungo vinalegea, wajawazito wanaanguka sana na mara nyingi mtoto anakuwa hana neno. Lakini kondo la nyuma linaweza kuachia kidogo bila damu kuonekana nje, ndo maana wanataka wasikilize mapigo ya mtoto kwa masaa kadhaa. Ukiona damu, maji, tumbo linakaza na kuuma, au mtoto amepunguza kucheza, hiyo ni dharura. Beba kadi yako ya kliniki, kama kundi lako la damu ni hasi waambie, kuna sindano unayotakiwa uchomwe ndani ya masaa 72.

SWALI: Sista, mi ni fundi simu hapa mjini. Nilikuwa natembea kwenye njia ya waenda kwa miguu, umeme umekatika, nikaingia kwenye chemba haina mfuniko, nikavunjika mguu, miezi minne sijafanya kazi. Wananiambia ni bahati mbaya nishukuru Mungu nipo hai. Namshukuru kweli. Ila kuna mtu anahusika na ule mfuniko au hakuna? Naweza kudai?
Fundi simu

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Yupo anayehusika, kila chemba ina mwenyewe. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, za mitaa mijini na vijijini zipo chini ya TARURA tangu ilipoanzishwa 2017, chemba za majitaka ni za mamlaka ya maji ya mji husika, nyingine ni za kampuni za simu. Mifuniko ya chuma inaibwa inauzwa skrepa, sio kwetu tu, Kenya ilifika mahali Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022 kwasababu ya uharibifu wa miundombinu, ikaja kuruhusiwa tena baadae. Mfuniko wa zege hauna soko kwa wauza skrepa, mimi siwezi kuelewa kwanini bado tunaweka vyuma sehemu ambayo kila mtu anajua vitaibwa.

Mimi ni nesi, kwahiyo haya ya sheria nimeyauliza kwa wanaojua na wewe nenda kwa wakili. Huku Tanzania ukitaka kuishtaki serikali au wakala wake unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90 ukieleza madai yako, na madai ya namna hii muda wake ni miaka 3 tangu uumie. Kwa wasomaji wa Mombasa na Nairobi kwenu muda ni mfupi zaidi, kesi ya madhara dhidi ya serikali ni ndani ya miezi 12, msilale. Kama huna hela ya wakili kuna msaada wa kisheria wa bure, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanafanya hiyo kazi.

Kitu ambacho wakili atakuomba ni ushahidi na hapa ndo ile aibu inatugharimu. Mtu akianguka anataka kuondoka tu. Jamani piga picha lile shimo, kwa karibu na kwa mbali ili eneo lijulikane, chukua namba za walioshuhudia, nenda polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, tunza karatasi zote za hospitali na risiti za dawa na nauli. Wewe miezi minne imepita lakini picha za eksirei unazo, na wenye maduka pale wanakumbuka, anza hapo.

Na mnaopita kwenye shimo lililo wazi, ile tabia yetu ya kuchomeka tawi la mti ili watu waone ni nzuri, endeleeni, ila tawi halitoshi usiku, mwambieni mwenyekiti wa mtaa aandike barua na nakala mbaki nayo. Afu nisisahau hili, mtu akitumbukia kwenye chemba ndefu ya majitaka akawa haongei, USISHUKE kumfuata. Kuna hewa ya sumu humo inaangusha mtu kwa pumzi chache, inatokea anaingia mmoja, anamfuata ndugu, anafuata rafiki, wote wanatolewa wamekufa. Piga 114 zimamoto, kamba na maneno kutoka juu ndo msaada wako.

SWALI: Sista, mimi sioni tangu utotoni. Natembea na fimbo nyeupe. Njia ya miguu ilipo jirani na kwetu kuna meza za biashara, pikipiki zimepaki, bodaboda wanapita humohumo, mabango ya maduka yananigonga usoni kwasababu fimbo inagusa chini haigusi juu. Nikishuka barabarani natukanwa na magari. Nimeumia magoti mpaka nimezoea. Nimekuandikia ili tu nao wasome.
Msomaji wa Dar

JIBU: Wasome. Sina ushauri wa kukupa wewe maana unatembea vizuri kuliko sisi tunaoona, wa kupewa ushauri ni sisi. Ndugu zangu wenye maduka, bango lako la biashara likitoka nje ya baraza yako na kusimama usawa wa uso wa mtu, hilo bango fimbo haiwezi kuliona. Mnaopaki pikipiki juu ya njia ya miguu, mama mwenye mtoto mgongoni, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mzee wa fimbo na huyu ndugu yetu wote mnawasukuma barabarani kwenye magari. Mwaka 2021 wamachinga walipangwa upya wakatolewa kwenye njia za miguu mijini, najua wengi waliumia kimaisha na mimi siombi mtu afukuzwe mkate wake, naomba upana wa watu wawili kupishana ubaki wazi, basi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010 na inataka maeneo ya umma yafikike.

Na ukimuona mwenye fimbo nyeupe kwenye kivuko usimshike mkono ukamvuta. Jitambulishe kwa sauti, muulize nikusaidie? akikubali mpe kiwiko chako ashike yeye, wewe tangulia nusu hatua, mwambie tunashuka ngazi, tunapanda, kuna mtaro kushoto. Na usimwachie katikati ya njia bila kumwambia mmefika wapi.

SWALI: Habari sista. Niko Minneapolis, Marekani, ni baridi yangu ya kwanza. Nimeanguka kwenye barafu nikaumia mfupa wa kitako. Wenyeji wanatembeaje hapa?
Mtanzania ughaibuni

JIBU: Nzuri, na pole. Tembea hatua fupi, wayo utue wote kwa pamoja, magoti yalegee kidogo, mikono itoke mfukoni maana mikono ndo inakupa mizani, kwahiyo vaa glavu. Barafu mbaya kuliko zote ni ile nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana imelowa tu, asubuhi mapema na chini ya vivuli vya nyumba. Viatu vya mjini vya soli laini weka kabatini, kuna mipira yenye vyuma vidogo ya kuvisha juu ya kiatu, inasaidia sana. Kitako kitauma wiki kadhaa, kalia mto uliotobolewa katikati, lakini miguu ikifa ganzi au haja ikawa inatoka bila kujijua wahi hospitali siku hiyohiyo. Na huko kwenye miji mingi mwenye nyumba ndo anatakiwa kuondoa theluji kwenye njia ya miguu mbele ya kwake, kwahiyo ukiona pamejaa siku kadhaa piga 311 utoe taarifa, hawatakuona mkorofi.